Ruhuhu: pantoni au daraja? Hesabu ya mita 98 za maji

Kati ya Manda, wilayani Ludewa, na Lituhi, wilayani Nyasa, unapita Mto Ruhuhu. Katika mito yote inayoingia Ziwa Nyasa kutoka upande wa Tanzania, huu ndio mkubwa zaidi, na eneo lile ndilo linalotenganisha Mkoa wa Njombe na Mkoa wa Ruvuma. Kwa miaka mingi aliyetaka kuvuka alisubiri kivuko cha Serikali, MV Ruhuhu, au alipanda mtumbwi huku akiomba mamba wawe mbali. Sasa pana daraja la zege lenye urefu wa karibu mita 98. Anayetoka Manda na gunia la muhogo kwenye bodaboda anafika ng'ambo kabla hata hajabadilisha gia mara ya pili.

Hata hivyo mjadala haujaisha. Njombe mjini, Ludewa na hata Songea utawasikia watu wenye akili timamu wakiuliza swali lililo halali kabisa: kwa mto wa mita mia, kwenye barabara yenye magari ya kuhesabika, kulikuwa na haja gani ya kumwaga mabilioni kwenye daraja wakati pantoni ilikuwepo? Fedha hizo si zingetosha pantoni mpya mbili, na fedha nyingine zikabaki za dawa na madawati? Swali hili linastahili kujibiwa kwa hesabu. Kulijibu kwa kusema tu kwamba daraja ni maendeleo hakutoshi, kwa sababu vivuko vya aina ile bado viko sehemu nyingi nchini na kila mwaka wa bajeti uamuzi huohuo unarudi mezani. Ndiyo maana naichukua Ruhuhu kama kisa kimoja na kukipitia chote.

Nianze na pantoni yenyewe

Pantoni ya mtoni ni chombo rahisi ukikitazama ukiwa kingoni. Ni bapa la chuma lenye mlango wa kushusha mbele na nyuma, injini mbili, chumba kidogo cha nahodha, na reli za kushikilia. Ugumu hauko kwenye chombo, uko kwenye mto. Ruhuhu hushuka kutoka nyanda za juu za Njombe na Songea, na mvua ikinyesha huko juu, chini Manda maji huja yamebeba magogo, matete na mchanga mwingi. Masika maji hupanda yakafunika mteremko wa kupandia magari. Kiangazi hushuka, mchanga ukajitokeza, na chombo kikakwama tumbo. Kwa hiyo mteremko wa kupandia gari hauwezi kuwa mmoja wa kudumu. Unachongwa upya, unawekwa mawe, unasombwa, unachongwa tena.

Tazama lori linavyopanda. Dereva anageuza, anarudi kinyumenyume, utingo yuko matopeni na kigingi cha mti mkononi tayari kukizuia tairi. Gurudumu la nyuma likigusa mlango wa pantoni, chombo kizima kinainama upande ule. Hapo nahodha anapiga kelele watu wasogee upande wa pili. Lori likishaingia, abiria wanabanana pembeni mwa matairi, wengine na kuku, wengine na watoto mgongoni. Na lori lililojaa mzigo mzito halichukuliwi kabisa: linashusha nusu, linavuka, linarudi kuchukua nusu nyingine, au linageuza na kuondoka.

Mama mmoja muuza dagaa alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mwembe na matenga yake manne, kanga imefunikwa juu ya dagaa. Nikamsalimia, "Shikamoo mama. Mmefika saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Tangu saa nne. Maji yamejaa, nahodha amesema tusubiri yapungue."

"Na dagaa?"

"Hawa wameshakauka, hawana neno. Yule mwenzangu pale ndiye ana mbasa wabichi."

Mwenzake alikuwa na ndoo mbili zilizofunikwa kwa majani ya mgomba, na alikuwa akizimwagia maji ya mto kila mara. Nahodha alikuwa amefanya jambo sahihi kabisa kukataa kuvuka. Lakini hasara ya samaki wale haikuandikwa katika daftari lolote la Serikali, wala siku ile pantoni haikuhesabiwa kuwa imemgharimu mtu yeyote. Kwenye vitabu, siku ambayo kivuko kimelala ni siku ya kuokoa dizeli.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Gharama ya daraja inaonekana yote kwa mkupuo, imeandikwa kwenye mkataba na kwenye bango kando ya barabara. Gharama ya pantoni imegawanyika vipande vidogo kwa watu wengi ambao hawana pa kuiandika.

Hesabu ya mhasibu

Hebu tuifanye hesabu kama angeifanya mhasibu anayeangalia fedha za Serikali tu. Namba zinazofuata ni za kukadiria, nimeziweka ili tuone mwenendo wa hesabu. Si takwimu za kivuko cha Ruhuhu, na mwenye namba halisi za kivuko cha kwao anaweza kuziingiza humuhumu.

Tuchukulie pantoni ndogo inanunuliwa kwa Sh bilioni 3 na itafanya kazi miaka 25. Inakunywa lita 50 za dizeli kwa siku. Kwa bei ya Sh 3,000 kwa lita, hiyo ni karibu Sh milioni 55 kwa mwaka. Wafanyakazi 10, kuanzia nahodha na fundi hadi mkata tiketi na mlinzi, kila mmoja akigharimu Sh 600,000 kwa mwezi, ni Sh milioni 72. Kila baada ya miaka mitano chombo kinatolewa majini, kinakwanguliwa kutu, kinabadilishwa mabati ya chini na kufumuliwa injini: tuweke Sh milioni 500, yaani milioni 100 kwa mwaka. Ukigawa bei ya kununulia kwa miaka 25 unapata milioni 120. Jumla yake ni kama Sh milioni 347 kila mwaka.

Kwa upande wa daraja tunahitaji bei ya mita moja. Daraja la Mto Kilombero pale Ifakara, lililozinduliwa Mei 2018, lina urefu wa mita 384 na liligharimu Sh bilioni 61.2 pamoja na barabara unganishi za zaidi ya kilomita 9. Hiyo ni kama Sh milioni 160 kwa kila mita. Kwa mto kama Ruhuhu bei hii ni ya juu, kwa sababu ndani yake kuna kilomita nyingi za tuta na lami, lakini naitumia kwa makusudi, nisije nikaonekana nimelibeba daraja. Mita 98 kwa bei hiyo zinafika Sh bilioni 15.7. Daraja la zege likitunzwa linaweza kudumu miaka 100. Ukigawa, ni Sh milioni 157 kwa mwaka. Ongeza milioni 40 za matunzo: kusafisha mifereji, kubadilisha viungio, kujaza mawe pale maji yanapochimba mguu wa nguzo. Jumla ni chini ya milioni 200.

Kwa hesabu hiyo daraja limeshinda waziwazi. Wapenda madaraja wengi huishia hapo, na wanakosea kuishia hapo. Fedha ina bei yake. Bilioni 15.7 zilizofukiwa mtoni leo zingeweza kukaa kwenye hati fungani, au Serikali isingelazimika kuzikopa. Ukiweka riba ya asilimia 8 kwa pande zote mbili, picha inageuka. Daraja linagharimu Sh bilioni 1.26 kwa mwaka kwa mtaji peke yake, na ukiongeza matunzo inakuwa bilioni 1.3. Mtaji wa pantoni unakuwa milioni 281 kwa mwaka, na gharama yake yote kama milioni 508. Pengo ni karibu Sh milioni 790 kila mwaka, na safari hii pantoni ndiyo rahisi.

Kwa hiyo aliyesema pantoni ni nafuu hakuropoka. Kwa fedha za Serikali peke yake, na kwa riba ya kibiashara, anayo hoja. Ukishusha riba hadi asilimia 3, kama ya mikopo yenye masharti nafuu, pengo linapungua hadi milioni 140 hivi. Riba inayotumika ndiyo inayobeba uamuzi wote, na ni jambo la kusikitisha kwamba katika mikutano ya hadhara, hata ya wataalamu, huwa haitajwi kabisa. Mbunge anataja urefu wa daraja, waziri anataja bei, mwananchi anapiga makofi au anaguna. Hakuna aliyeuliza fedha imetoka wapi na kwa riba gani.

Niongeze neno kuhusu nauli, maana hapa pia watu huteleza. Utasikia ikisemwa kwamba pantoni inajilipa yenyewe kwa nauli. Nauli haipunguzi gharama ya kivuko hata shilingi moja. Inahamisha tu mzigo kutoka Hazina kwenda mfukoni mwa yule mama wa dagaa. Dizeli ni ileile.

Kilomita zaidi ya 500

Sasa tuwaingize watu kwenye hesabu, tuanze na malori.

Pantoni ikilala, au lori likiwa zito kuliko uwezo wake, njia ya kuzunguka ni ipi? Kutoka Manda unapanda hadi Ludewa, unaendelea mpaka Itoni karibu na Njombe. Barabara hiyo ya Itoni–Ludewa–Manda peke yake ni kilomita 211. Kutoka hapo unashuka Songea, zaidi ya kilomita 230. Kutoka Songea unaelekea njia ya Mbinga hadi Kitai, unakata kulia kwenda Lituhi, kilomita nyingine zaidi ya 80 kutoka Kitai. Umetembea zaidi ya kilomita 500 ili ufike mahali ulipokuwa unapaona kwa macho asubuhi. Ipo pia njia ya kupitia Mkiu, Liganga hadi Madaba, inayopunguza mzunguko, lakini ni ya vumbi kiangazi na masika ni ya watu wenye roho ngumu.

Lori linalokwenda kilomita 2.5 kwa lita moja litachoma lita 200 kwa mzunguko huo wa kilomita 500. Kwa Sh 3,000 kwa lita, hiyo ni Sh 600,000 ya mafuta tu. Sijaweka tairi, posho ya dereva na utingo, wala siku mbili ambazo lori lingekuwa linafanya kazi nyingine. Malori mawili tu kwa siku yakiepushwa na mzunguko huo, kwa mwaka ni Sh milioni 438.

Rudi sasa kwenye pengo letu. Kwa riba ya asilimia 3, lori moja kwa siku linalifunika lote na chenji inabaki. Kwa riba ya asilimia 8, malori mawili yanafunika zaidi ya nusu, inabaki milioni 352. Hizo zinatafutwa kwenye muda wa watu. Tuseme kila anayevuka kwa pantoni anapoteza saa moja na nusu kusubiri, kupakia na kushusha, na saa moja ya mkulima au mfanyabiashara mdogo tuithamini Sh 1,000. Kila mvuko unakula Sh 1,500. Wakivuka watu 640 kwa siku, yaani 320 wanaokwenda na kurudi, pengo limekwisha.

Hiyo ndiyo mizani ya uamuzi, na sioni ubaya wa kuisema wazi: kivuko ambacho hakifikishi malori mawili ya kuzunguka kwa siku pamoja na watu 320 wa kwenda na kurudi, bado hakijafikia kudai daraja kwa fedha ya riba kubwa. Kinaweza kudai daraja la waenda kwa miguu, kinaweza kudai pantoni bora. Kuhesabu magari na watu kwa wiki moja ya kiangazi na wiki moja ya masika si kazi ya mshauri kutoka nje. Ni kazi ya ofisi ya kata na vijana wawili wenye daftari.

Lakini kuna mtego katika kuhesabu huko. Ukihesabu wanaovuka kwa pantoni, umewahesabu waliokubali kusubiri. Mkulima wa ng'ambo aliyeacha kulima muhogo wa kuuza kwa sababu mnunuzi havuki, huyo haonekani kingoni. Mjamzito aliyejifungulia nyumbani kwa sababu usiku pantoni haitembei, haonekani kingoni. Mwanafunzi aliyechaguliwa shule ya upande wa pili akahamishwa, haonekani. Idadi ya wanaovuka kwa pantoni ni idadi iliyokwisha kupunguzwa na pantoni yenyewe, ndiyo maana kila daraja likifunguliwa watu hushangaa magari yametoka wapi. Hayakuwepo kwa sababu hayakuwa na njia.

Usiku ndilo jambo lenye uzito kuliko yote kwangu. Pantoni ina saa zake. Jua likizama, wilaya mbili zinakuwa nchi mbili. Ugonjwa hauna saa. Ukiniambia niithamini kwa shilingi nitashindwa, na sidhani inafaa kujaribu. Inatosha iandikwe pembeni mwa hesabu kwa herufi kubwa ili mwenye kuamua asije akasema hakuiona.

Hatari ya maji

Watanzania tumezika watu wengi sana waliokufa majini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimebeba watu wengi kuliko 101 ambao ndio uwezo wake. Waliokufa walizidi 220. Kabla ya hapo, Januari 2016, kivuko cha Mto Kilombero kilipinduka kwa upepo na mvua wakati daraja lenyewe likijengwa palepale jirani. Waliokuwa wakivuka siku ile waliweza kuziona nguzo.

Hatari hii ina uhusiano wa moja kwa moja na gharama. Pantoni inakuwa nafuu pale inapokwepa taratibu: inapozidisha abiria, inapochelewesha kutolewa majini kwa ukarabati, inapokosa maboya ya kutosha, inapokuwa na injini moja nzima na nyingine ya kubahatisha. Ukitaka pantoni iliyo salama kweli, bei inapanda. Zile Sh milioni 508 za hesabu yangu ni za pantoni inayotunzwa kwa kanuni, na mtu yeyote anayetaka kuonyesha kwamba pantoni ni rahisi kuliko hapo, kwanza aonyeshe amepunguza nini.

Daraja nalo lina hatari yake, nayo iko chini. Maji ya mafuriko huchimba mchanga kuzunguka nguzo taratibu, na tuta la barabara unganishi ndilo hukatika kwanza, daraja likabaki limesimama katikati peke yake. Hiyo haiui watu mia mbili kwa dakika tano. Lakini nayo inaweza kuigeuza ile bilioni 15.7 kuwa sanamu kama hakuna mtu anayeshuka kila mwisho wa masika kwenda kuangalia miguu ya daraja.

Pantoni zina kwao

Sitaki nisomeke kama adui wa vyombo vya majini. Upande wa Kaskazini wa ziwa hilohilo unaonyesha kinyume cha Ruhuhu.

Kutoka Matema, Kyela, kuelekea kusini, milima ya Livingstone inashuka wima hadi majini. Kuna vijiji vya Ludewa pembeni mwa ziwa, kwenye vipande vidogo vya ardhi kati ya mlima na maji. Wakisi hufinyanga vyungu vyao huko na kuvisafirisha kwa mitumbwi tangu enzi na enzi. Huko hakuna daraja la kujengwa, maana hakuna ng'ambo ya kulipeleka. Barabara ya kuchongwa kwenye kuta zile za mawe ingemeza fedha ambazo hata madaraja hayajawahi kumeza. Chombo cha majini ndiyo njia, na kitaendelea kuwa njia kwa wajukuu wa wajukuu zetu.

Meli ya MV Mbeya II ilianza kazi mwaka 2021, imeundwa palepale Kyela, inabeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Kabla yake zilitangulia MV Njombe na MV Ruvuma, za mizigo, kila moja tani 1,000. Nikiambiwa fedha za vyombo ni chache, na kweli ni chache, basi kila nahodha, kila fundi wa injini na kila lita ya dizeli iliyokuwa ikitumika kuvusha watu mita 98 za Ruhuhu ilikuwa inakosekana pwani ya Livingstone, kwa watu wasio na chaguo lingine. Hoja hii naiona ina nguvu kuliko hoja zote za riba. Mtoni tunaweza kuchagua. Ziwani hatuwezi. Kwa hiyo mtoni tujenge, ili fundi na chuma na dizeli viende ziwani.

Maji mapana yana kanuni nyingine pia. Daraja la Kigongo–Busisi kule Mwanza lilifunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 na limegharimu zaidi ya Sh bilioni 700. Kwa mita moja hiyo ni zaidi ya milioni 230, ghali kuliko Kilombero, na ilistahili kwa sababu ile ni barabara kuu yenye mabasi na malori ya kwenda Geita, Kagera na nchi jirani, yaliyokuwa yakipanga foleni ya saa nzima na zaidi. Weka trafiki ya Manda pale, na hesabu inakufa. Weka upana wa Ruhuhu pale, na wangejenga miaka mingi mapema. Upana wa maji na wingi wa watu vinapimwa pamoja, na ni kosa kuchukua daraja la Mwanza kuwa kielelezo cha Nyasa au pantoni ya Nyasa kuwa kielelezo cha Mwanza.

Kuhusu kulipia kuvuka, nitapita haraka. Daraja la Kigamboni, mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016, lilijengwa kwa sehemu kubwa na fedha za NSSF, ndiyo maana magari yakatozwa. Jijini, penye maelfu ya magari kila siku, geti la tozo lina maana hata kama watu wanalalamika. Ruhuhu mshahara wa watoza ushuru ungekula nusu ya ushuru wenyewe. Daraja la vijijini linalipwa na Watanzania wote kupitia kodi na tozo ya mafuta, na ni haki, kwa sababu mlaji wa dagaa wa Njombe mjini naye anafaidi.

Daraja limefika, barabara bado

Sasa kosa ambalo naliona, na nalisema kwa uchungu kwa sababu linapunguza faida ya kazi nzuri iliyokwishafanyika.

Hesabu yangu yote ya malori inasimama juu ya sharti moja, kwamba lori likishavuka daraja linaweza kuendelea. Upande wa Ludewa, kipande cha Lusitu–Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege badala ya lami, na wahandisi walikuwa sahihi: mvua ya kule na miteremko ile hula lami haraka. Nimemsikia dereva wa Fuso akisema sasa anapanda Mawengi wakati wa mvua bila kumwomba utingo ashuke na kigingi. Lakini kutoka kipande hicho mpaka ziwani ni safari, na upande wa pili, Lituhi hadi Kitai, ni safari nyingine. Daraja linalopitika siku 365 katikati ya barabara inayopitika siku 250 ni daraja la siku 250. Ukiliingiza hilo kwenye hesabu, theluthi ya faida imeondoka. Na imeondoka masika, wakati ule ule ambao pantoni nayo ilikuwa inalala.

Kwa hiyo daraja na barabara zake vilipaswa kukadiriwa kama mradi mmoja, kwa bei moja na faida moja. Zikitenganishwa, kila kimoja kinaonekana kibaya peke yake: daraja linaonekana halina magari, barabara inaonekana haina pa kwenda. Wanaopanga kivuko kingine chochote cha mtoni katika nyanda zetu waanze na karatasi moja yenye vyote viwili.

La mwisho ni uzito. Pande zote mbili za Ruhuhu kuna makaa ya mawe. Mchuchuma iko Ludewa pamoja na chuma cha Liganga, na makaa ya Ngaka kule Mbinga yana njia yake ya kushuka bandari ya Ndumbi kupitia Kitai na Lituhi. Pantoni ilikuwa inajilinda yenyewe: lori likizidi, nahodha anakiona chombo kinavyozama upande mmoja na analikataa lori. Daraja halina nahodha. Litapitisha lori la tani 70 leo, na kesho, na mwaka mzima, huku nyufa ndogo zikifunguka chini ambako hakuna anayetazama. Sheria ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari kubwa kuliko yote, ila sheria bila mzani barabarani haimzuii mtu. Malori ya makaa yakianza kutumia njia ile kwa wingi, mzani wa Lituhi na mzani wa Manda uwe umekwishasimikwa, wenye watu wa zamu ya usiku, kwa sababu lori lililozidisha halisafiri mchana. Ile miaka 100 niliyoigawia Sh bilioni 15.7 inategemea hilo. Likidumu miaka 30, gharama ya kila mwaka bila riba inapanda kutoka milioni 157 hadi milioni 523, na hapo yule aliyesema pantoni ni nafuu atakuwa amesema kweli.